Parachuti Namba Ishirini na Nne

Nimeyachapa haya kutoka daftari langu la enzi zile za wanajeshi, jinsi yalivyo. Majina ya wakubwa nimeyaondoa. Mazoea hayaniachi.

*

Alhamisi, Kibuli, Kampala, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka na tope la uani linanuka. Jipu limeondoka kama saa moja hivi iliyopita, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Keshokutwa naolewa. Leo ilibaki kidogo nisiolewe.

Acha nianze mwanzo. Mimi ni karani wa kuchapa katika ofisi ya stoo ya jeshi, pale Mbuya. Si mwanajeshi. Nina taipureta, kiti kinachoyumba na kabati la mafaili ambalo ufunguo wake ulipotea kabla sijaajiriwa. Karibu kila karatasi ya vitu vilivyonunuliwa ng'ambo imepita kwenye vidole vyangu, pamoja na ile wanayoiita hati ya mtumiaji wa mwisho. Nchi zinazouza vifaa vya kijeshi zimefungwa na mikataba. Hazitaki kitu zilichomuuzia Juma kionekane kesho mikononi mwa Hamisi. Kwa hiyo anayenunua anaahidi kwa maandishi kwamba atakitumia mwenyewe, hatakiuza, hatakigawa, hatakiazimisha, hatakigeuza kuwa kitu kingine, wala hatakitoa nje ya nchi bila kibali cha aliyemuuzia. Anakubali pia kwamba muuzaji anaweza kumtuma mtu wake aje kuhesabu.

Hati ya parachuti zetu ishirini na nne niliichapa mimi, nakala tano. Kifungu cha kugawa na kugeuza nakijua kwa moyo.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hanisikii mtu. Kati ya parachuti ishirini na nne, kumi na tatu ziko kwenye mifuko. Kumi na moja ziko kwenye watu.

Lawama nazigawa hivi. Tangu Wahindi wafukuzwe na maduka ya vitambaa yabadilishe wenyewe, rafu zake zimebaki na vumbi na picha moja ukutani. Hakuna shuka, hakuna bafta, hata sanda watu wanaitafuta kwa kujuana. Siku moja mke wa Meja wetu akaona parachuti imeanikwa juani, nailoni nyeupe, nyingi, laini. Wiki iliyofuata sebule yake ikawa na mapazia mapya. Mke wa kapteni akaona mapazia, naye hakutaka kubaki nyuma. Ikashuka hivyo hivyo, cheo baada ya cheo, mpaka kwa makoplo.

Na aliyeshona ni nani? Mama yangu. Gomesi, magauni yetu ya mabega makubwa, zote tisa zilizotoka kwenye nailoni ile zimepita kwenye cherehani iliyo hapo dirishani. Kila parachuti ilikuwa na lebo ya kiwandani, maandishi mekundu na namba. Mama alitaka kuzitupa. Wateja wake wakakataa kabisa. Siku hizi kitu chenye lebo ya ng'ambo ni heshima, kwa hiyo wakamwambia aishone kwa nje, nyuma ya shingo, ili anayesimama nyuma yako kanisani aisome vizuri. Mama akazishona kwa mishono midogo, imara. Sidhani kuna mahali pengine duniani ambapo mali ya serikali ilichukuliwa na kila aliyechukua akavaa namba ya ushahidi mgongoni.

Namba ishirini na nne ni yangu. Meja aliposikia naolewa alisema ofisi inanipa zawadi. Ningeweza kusema hapana, maana kifungu nakijua. Nilipiga magoti nikasema asante, kisha nikatoka na mfuko kichwani, nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota kilo kumi za sukari.

Jumatatu ikaja simu ya maandishi. Mkaguzi kutoka nchi iliyotuuzia angefika Alhamisi saa tatu, kuhesabu parachuti kwa namba zake.

Meja aliisoma mara mbili, akanirudishia, akasema ana safari ya ghafla kwenda kukagua mpaka.

"Zaituni, wewe na Sajenti mutapanga vizuri," akaniambia. Alikuwa ameshapanda gari.

Mimi na Sajenti, kwa sababu kila baada ya miezi mitatu huwa nachapa ripoti inayosema "zote zipo, hali nzuri", na chini yake kuna sahihi mbili. Yake na yangu. Ikikosekana hata parachuti moja, wageni watamuuliza mkubwa wa wakubwa, naye hapendi kuulizwa. Baada ya hapo tutakaoulizwa ni sisi wawili, huko Makindye, na sisemi sokoni, nasema kwenye gereza la jeshi.

Na nina jambo jingine, ambalo hata Sajenti sikumwambia. Harusi ikiisha, Jumapili naondoka na Salim kwenda Kisumu, ambako ana kibanda cha kutengeneza redio. Kazini nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Sirudi. Wanaojua ni mimi, Salim na Mama. Anayetoka ofisi ya jeshi bila kuachiwa huhesabiwa kuwa ameondoka na siri. Siri kubwa ninayoijua mimi ni kwamba stoo yetu haina sabuni tangu mwaka jana, lakini wao hawataniuliza ni siri gani.

Sajenti Drani ni mtunza stoo. Ni mtu wa upande wa Arua, mrefu, mpole, baba wa watoto sita. Jumanne alikaa kwenye kiti cha Meja akafikiri mpaka chai ikapoa.

"Sisi najaza mufuko na majani," akasema mwishowe.

Nikamwambia mkaguzi atafungua kila mfuko.

"Basi sisi narudisha nguo zote. Tunakunja, tunaweka ndani. Muzungu akienda, wanawake nachukua tena."

Ulionekana mpango mzuri mpaka jana, alipopita nyumba kwa nyumba kule kwenye makazi ya askari. Hakurudi na hata kitambaa. Alianzia kwake mwenyewe, akidhani ndiko rahisi. Mkewe, Mama Feni, ni mwanamke wa kimo cha mlango na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Kitu naingia stoo yako hapana toka," alimwambia mbele ya majirani. "Blanketi yangu iko wapi? Sufuria yangu iko wapi? Kama muzungu nataka kuhesabu nguo, yeye nahesabu na mimi ndani."

Wengine wanane wakasema hivyo hivyo, na kusema kweli sikuwalaumu. Blanketi lile nalikumbuka. Niliandika mimi risiti yake.

Sajenti alirudi ofisini akakaa kwenye kiti cha Meja. Kisha uso ukamfunguka. Jeshini, kitu kisipoletwa, aliyenacho anaweza kuamriwa kuja kusimama nacho. Akatoka kwenda kutangaza foleni. Alhamisi, saa tatu kamili, nguo safi, bila watoto mgongoni maana watafunika lebo.

Hapo alipaswa kuniuliza yangu iko wapi. Hakuuliza, kwa kuniamini. Nami sikumwambia kwamba Mama amenikataza kuitoa nyumbani, kwa sababu upindo haujaisha na bibi harusi havai gauni kabla ya siku yake. Nilitegemea mkaguzi atachoka kabla ya kufika mwisho. Huo ndio ulikuwa mpango wangu mimi, niliyesoma mpaka darasa la kumi na mbili.

Leo asubuhi mkaguzi alifika dakika mbili kabla ya saa tatu. Mwembamba, shingo nyekundu, kofia ya jua, penseli imefungwa kwa uzi kwenye daftari isipotee. Alifungua mifuko kumi na mitatu, akavuta kila kamba, akasoma kila lebo. Hakuzungumza ila namba. Kisha akauliza zile kumi na moja ziko wapi.

Sajenti akafungua mlango wa nyuma.

Uani walikuwa wamesimama wanawake tisa, weupe tupu kuanzia mabegani mpaka miguuni, mabega ya gomesi yamechongoka, mikanda imekazwa. Sajenti alikuwa amewapanga kwa namba za lebo na si kwa vyeo vya waume, jambo lililokuwa limeleta ugomvi wa nusu saa, maana mke wa kapteni ana namba kumi na tisa na mke wa koplo ana namba sita. Mwanzoni mwa mstari askari wawili walikuwa wameshika fito yenye mapazia ya Meja. Hiyo ni namba moja.

Mkaguzi alivua kofia. Nadhani hakujua la kufanya na mikono yake.

Aliniomba nieleze. Nilisema kwa Kiingereza kwamba parachuti zile kumi na moja ziko katika matumizi.

Alitembea nyuma ya mstari akisoma shingo moja baada ya nyingine. Kila aliyefikiwa aliinamisha kichwa, kama anavyofanya kwa Mama akipimwa. Alipochelewa kwa Mama Feni kwa sababu ya miwani, Mama Feni alisema bila kugeuka, "Soma haraka, baba. Jua nachoma."

Alipomaliza alikaa juu ya sanduku la risasi, akatoa nakala ya mkataba, akaisoma kifungu kwa kifungu. Tulisubiri. Kuku wa kambini alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Swali la kwanza la mkaguzi lilikuwa kama hawa ndio mtumiaji aliyetajwa kwenye hati, yaani jeshi, au wamepewa watu wengine.

"Hawa yote jeshi," akasema Sajenti. "Nakula chakula ya jeshi, nalala nyumba ya jeshi. Meja akipiga kelele, hawa nasikia."

Nilitafsiri, nikiongeza mafuta kidogo. Mkaguzi aliandika.

Swali la pili lilikuwa la kugeuza. Alitueleza taratibu, kama mwalimu, kwamba nia ya kifungu kile ni kuzuia kifaa kisigeuzwe kuwa silaha ya hatari zaidi. Alimtazama Mama Feni kwa muda. Akaweka alama ya ndiyo, imegeuzwa, lakini si hatari zaidi, na kusema kweli hakuiweka haraka.

Nimewaza tangu hapo kwa nini hakupiga kelele. Nafikiri naye ana mkubwa wake. Akiandika kwamba vifaa vimepotea, ataulizwa kwa nini nchi yake ilituuzia sisi, na swali hilo nadhani hata wao hawana jibu lake. Namba ikionekana, imeonekana.

Akafungua ukurasa wa mwisho. Ishirini na tatu zipo. Akaita ishirini na nne.

Shingo zote tisa zikanigeukia mimi.

Sajenti hakunigombeza. Aliniangalia tu, na hapo ndipo nilipoona aibu hasa, kuliko hofu. Nilisema iko nyumbani. Mkaguzi akasema twende.

Tulipanda jipu, mimi katikati. Nilikuwa na muda wote wa kutoka Mbuya mpaka Kibuli wa kufikiria jinsi siku zangu zinavyoweza kwenda. Nilijiona Jumamosi, wageni wamekaa, Salim amevaa kanzu, na mimi sipo na hakuna anayethubutu kuuliza nilipo.

Kwenye mtaa wetu madirisha yalianza kufungwa kabla jipu halijasimama. Jirani anayekaanga mandazi aliacha mafuta motoni akaingia ndani. Simlaumu. Jipu liliposimama kwa watu wengine, mimi nami nilifunga langu.

Mama alitoka na futi ya kupimia shingoni na mkasi mkononi. Aliniona nimeshuka kati ya askari na mzungu. Alimwendea Sajenti moja kwa moja.

"Ssebo, bwana, kama ni nguo, nimeshona mimi," alisema. "Huyu hajui kitu. Nichukueni mimi."

Nimeandika mengi ya kuchekesha hapo juu. Hapa sikucheka. Nimekaa na mama yangu miaka ishirini na sita tukigombana kuhusu chumvi, na sikujua kwamba jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni mwake siku zote.

Sajenti alivua kofia. "Nyabo, mama, sisi nakuja kuona lebo tu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kule kambini.

Basi wakakaribishwa. Chai ilitoka, kavu, bila sukari, kama nyumba zote, na Mama akaomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeificha sukari ya nchi nzima. Gauni lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mkaguzi alitafuta lebo shingoni, hakuiona. Mama akamgeuzia kitambaa. Yangu aliishona kwa ndani.

"Ya kwake si ya kuonyesha watu," alisema.

Mkaguzi akasoma, akaweka alama. Ishirini na nne. Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta Jumatatu.

Kumbe fomu ilibaki na swali moja. Kifaa kitatunzwa wapi? Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa adabu, akitabasamu. Hapa? Na baada ya harusi?

Mimi, niliyeidanganya ofisi nzima kwa miezi miwili bila kupepesa jicho, nikajibu ukweli. Nikasema Kisumu. Akauliza kwa muda gani. Nikasema moja kwa moja.

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu kwa upole tangu nianze kazi ile. Maneno yalipotoka niliyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine, na nikakumbuka kwamba Sajenti amesimama mlangoni na kikombe. Sajenti huyu ndiye aliyenisahihishia Kiingereza cha orodha zangu kwa miaka mitatu.

Alitazama ndani ya kikombe chake.

"Mimi Kizungu hapana sikia kabisa," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Masikio yangu mubaya tangu zamani. Mama, chai iko?"

Mama akammiminia mpaka juu.

Mkaguzi yeye alikuwa anatikisa kichwa kwa jambo jingine kabisa. Kisumu ni nchi nyingine. Kifaa hakiruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha maandishi cha serikali yake, na kibali huchukua kama mwaka, na kinaweza kukataliwa. Nikamwuliza kuhusu mimi. Akapekua mkataba, mtu mwaminifu yule, akasema mimi sikutajwa popote. Naweza kwenda.

Nilimtafsiria Mama. Akataka nirudie.

"Mtu anaweza kwenda, nguo haiwezi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na itakaa na nani?"

Mkaguzi akampa karatasi. Mama hakwenda shule ya serikali. Alisoma Kurani chuoni kwa mwalimu, kwa hiyo alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, akianzia kulia, mahali ambapo mkaguzi alitegemea amalizie. Ameahidi kwamba kifaa hakitauzwa, hakitaazimishwa, hakitageuzwa tena, na kitaonyeshwa kwa mkaguzi yeyote atakayekuja. Aliukausha wino kwa kupuliza.

"Hii ni sheria nzuri," akasema. Mwaka huu sijamsikia mtu mwingine Kampala akiisifu sheria.

Walipokuwa wanaondoka Sajenti alibaki nyuma kidogo langoni, akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Ruhusa yako wiki mbili, dada?"

"Wiki mbili, Afande."

"Sawa." Akasimama, akavaa kofia. "Ripoti ya miezi tatu nitachapa mwenyewe. Na kidole moja. Itakuwa pole pole sana. Hapana mtu ataona haraka kama wewe hapana iko."

Kisha jipu likaondoka, madirisha yakafunguliwa moja moja, na jirani akatoka kulilia mandazi yake yaliyoungua. Mama alimpelekea chai.

Daftari hili nitalishona ndani ya mto kabla ya Jumamosi. Niliyoyaandika yanatosha kututia matatani Sajenti, mimi na wanawake tisa.

Sasa hivi nasikia cherehani. Mama anamalizia upindo. Ameniambia utaratibu wote: Jumamosi nalivaa, Jumapili asubuhi nalivua, yeye analikunja na karafuu na kuliweka chini kabisa kwenye sanduku lake. Nilimwambia pole, gauni zuri hivyo litabaki bure. Hakuinua kichwa.

"Si bure," alisema. "Nimetia sahihi. Ukilitaka, utalifuata hapa."

Jumapili nitafika Busia, mpakani, na sanduku jepesi. Wataniuliza nimebeba nini, na nitawaonyesha, nguo mbili, sufuria, redio ya Salim. Jibu la hilo ninalo. Ninalojiuliza ni jingine. Nitarudi lini kumwona mtunzaji wa namba ishirini na nne, na nikirudi nitamkuta?

Ananiita nikapimwe upindo. Nimeitika nakuja. Bado nimekaa.